Padri Asiyejua Kusuka Makuti

Aliposikia Padri amefika Kirongwe, Somoe hakutoka kumpokea. Alijifungia jikoni, akabana pumzi. Enzi hizo za Mdachi, Padri alikuwa na miaka miwili hajavuka bahari kutoka bara kuja kisiwani. Haya, leo ndiyo kachagua kuja!

Hofu ya Somoe ilikuwa moja tu, kufutwa jina katika daftari la kanisa. Mumewe Jumanne, waliyebatizwa naye siku moja, alifariki masika yaliyopita, na kijiji kizima hakikuwa na Mkristo mwingine. Majirani Waislamu wakamwosha, wakamvika sanda, wakamzika kwa dua zao. Somoe akawaachia. Tangu siku hiyo hata kusali aliona haya.

Padri akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwenye adabu zake, hodi tatu zisipoitikiwa, hushika njia akaenda zake. Wapi! Huyu aliketi kibarazani, akalivuta kuti ambalo Somoe alikuwa hajalimaliza, akaanza kulisuka yeye. Na mtu wa bara makuti atayajulia wapi? Alipinda kombokombo, akaruka majani mawili, huku anapiga mluzi kama fundi. Somoe akachungulia, akavumilia, akashindwa.

"Shikamoo, Padri. Liache hilo, mvua itaninyeshea ndani."

"Marahaba, mwanangu. Basi nifundishe."

Akamfundisha, na mikono ilipoingia kazini ulimi nao ukafunguka. Akamweleza yote ya maziko, machozi yakimtiririka, akasema kama sheria ni kumfuta, basi amfute. Padri aliuliza tu nani alichimba kaburi, kisha akaomba apelekwe kwake.

Aliyechimba ni mzee Mfaume, jirani wa nyuma. Padri akamshika mikono yote miwili, akamshukuru. Mzee akashangaa, anashukuriwa nini?

"Tulimzika jirani yetu," alisema. "Tulimsomea dua tunazozijua. Angekufa mmoja wetu kwenu, nanyi mngemsomea zenu."

Padri akacheka kwa furaha, akamgeukia Somoe. "Nimevuka maji yote haya kuja kukutia moyo. Kumbe wenzangu wamenitangulia."

Wakaenda wote kaburini, Mfaume na mkewe Mwanahalima pamoja nao. Padri akamsalia Jumanne. Alipomaliza, amina iliyotangulia, tena kwa sauti iliyozishinda zote, ilikuwa ya Somoe.