Kamba Nyekundu Shingoni mwa Mwenyekiti

Rispa alivuta stata ya injini mpaka bega likamkataa, na boti ikabaki kimya kandokando ya Ziwa Jipe. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kuwa nahodha wa boti ya kikundi chao cha kutembeza watalii. Wageni wa kutembezwa walikuwa njiani kutoka Voi, na Mwenyekiti Crispus alikuwa ameshatoa hukumu: wakifika kabla boti haijawa tayari, usukani ni wa Calvince.

Usukani huo Rispa aliupata kwa jasho. Mwaka mzima alijifunza huku wanaume wakimcheka, eti mtoto wa kiwanda cha mkonge atajulia wapi maji. Alijua maji, na injini aliijua kuwashinda. Kuchekwa kulimuudhi, wala hakuficha.

"Nani ameigusa hii?" aliuliza.

Calvince, fundi wa pikipiki, alijikuna kisogo. "Ilikuwa inazimika-zimika katikati ya ziwa. Nikaona ni swichi ya usalama inasumbua. Jana nikakata nyaya zake mbili nikaziunganisha dairekti, vile tunafanyia pikipiki ikipoteza ufunguo."

"Pikipiki yako nyaya zikigusana inawaka. Hapa ni kinyume, zikigusana plagi inakosa moto. Umeizima, ukadhani umeiwasha."

Alizitenganisha, akavuta stata mara moja. Injini ikanguruma, ndege wakaruka kutoka kwenye matete.

Crispus alipiga makofi. "Iache hivyo hivyo! Wageni wanakuja."

Rispa akazigusanisha tena nyaya. Injini ikafa.

"Siiachi hivyo," alisema.

Aliinama kuikagua swichi. Kitufe chake kilipaswa kushikiliwa na klipu yenye kamba, na mwisho wa kamba ufungwe mkononi mwa nahodha. Nahodha akianguka majini, klipu inachomoka na injini inazima kabla pangaboi halijamrudia. Klipu haikuwapo. Mtu alikuwa amekizungushia kitufe uzi wa mkonge ili kisirudi ndani, na uzi ukilegea kwa mtikisiko, injini inazima. Ndio huo ugonjwa wa kuzimika-zimika.

Rispa alipouona uzi ule, damu ilimchemka. Kwenye kiwanda cha mkonge alikokulia, kitufe cha kusimamisha mashine ya kukwangua majani kilifungwa kwa uzi kama huo, kazi isije ikakatizwa. Siku mashine iliposhika shati la babake, Mzee Oloo, mwenzake alikipiga kitufe mara kumi. Mashine haikusimama mpaka ilipomaliza mkono. Rispa alikuwa darasa la sita.

Aliukata uzi akautupa kwenye mchanga. Alipoinua macho aone klipu ilikopotelea, aliiona shingoni mwa Crispus, kwenye kamba nyekundu iliyoning'iniza beji yake ya semina.

"Mwenyekiti, nipe hiyo kamba."

"Hii ni ya beji yangu."

"Ni ya boti. Vua."

Wanachama walikohoa ili wasicheke. Crispus akaivua, uso umemwiva kwa hasira. Rispa akasugua miguu ya swichi kwa msasa, akarudisha kila waya mahali pake, akafunga tepu, akachomeka klipu na kujifunga kamba mkononi. Akawasha. Akavuta mkono, klipu ikachomoka na injini ikazima papo hapo. Alikuwa akirudia jaribio hilo gari la wageni lilipofika.

"Asante, Mama Wendy," alisema Crispus, akimwita Rispa kwa jina la mwanawe. "Wageni wamefika na wewe bado unajaribu-jaribu. Calvince, ingia."

Rispa alichomoa klipu, akashuka ufukweni, kamba nyekundu ikiwa bado mkononi mwake.

Calvince akavuta stata mara ya kwanza, ya tano, ya kumi. Wageni wakatazamana. Crispus akauokota ule uzi mchangani, akamnyooshea.

"Funga na hii tuende."

"Funga," alisema Rispa kwa sauti iliyowafikia wageni wote. "Funga wakikuona, halafu mimi niwaambie uzi huo ulimfanya nini babangu."

Calvince aliutazama uzi, akalitazama pangaboi, kisha maji, ambako pua za viboko zilikuwa zimechomoza. Ndiye angekaa kando ya injini hiyo.

"Mwenyekiti, mimi siwezi," alisema akishuka. "Mama Wendy, njoo uendeshe."

Rispa alirudi kwenye boti, akachomeka klipu, akavuta mara moja. Wageni wakapanda, na nyuma yao Crispus, beji mfukoni, akakaa alipoonyeshwa. Ufukweni wanachama wakapiga makofi. Rispa akamkumbuka babake. Mzee Oloo angekuwepo asingeweza kumpigia, maana makofi yanataka mikono miwili.