Damu Haifuliwi kwa Maji ya Moto

"Dobi wangu, leo nimekufaje?" mwigizaji aliuliza, akivua shati lililolowa damu ya sukari na rangi.

"Kama jana. Umekohoa mno."

Akacheka, akaenda kuoga. Dobi alilishika shati kwa ncha za vidole. Lilinata, na sisimizi walikwishapanda hadi kwenye kola. Miezi miwili sasa, chumbani chini ya ukumbi, alifua nguo za mchezo mmoja wa kale: kijana anamuua aliyemuua baba yake, kisha watazamaji, wakitafuna bisi, wanamhukumu. Wanaotaka aachiwe hupiga miguu sakafuni. Kila alasiri aliachiwa, na vumbi la dari likamwangukia dobi kichwani.

Binti yake alikuwa amekaa juu ya kapu la nguo, barua mapajani. Iliomba kaka yake apunguziwe kifungo cha miaka thelathini. Ofisi ilifungwa saa kumi na moja, na sahihi ya mama ndiyo pekee iliyobaki.

"Watu wazima, mama, wenye akili zao, wanamsamehe."

"Wanamsamehe kwa kuwa marehemu yuko bafuni anaimba."

"Yule mtu alimuua baba!"

"Alimuua. Na kaka yako alimkuta amelala."

Binti akalitoa alilolificha miaka sita. "Lile shati la kaka, lililokuwa ushahidi. Mahakamani ulisema ulipitiwa, ukalitia maji ya moto. Wewe, dobi? Hata mtoto anajua damu ikitiwa maji ya moto inaganda kwenye uzi."

Dobi alifungua bomba la maji baridi. Asubuhi ile ya mauaji mwanawe alimtupia shati, akasema, "Nifulie, mama," kama aliyemwagikiwa na mchuzi. Akaketi, akaomba chai. "Na sukari usiibanie." Birika lilikuwa limechemka. Maji yote aliyamwaga juu ya shati.

"Sikupitiwa," alisema.

Binti aliinuka. "Kumbe umemfunga wewe!"

"Kajifunga mwenyewe. Mimi nilikataa kumfulia."

Alikausha mikono, kidole kimoja kimoja, akaichukua barua. Thelathini ilikuwa mingi. Hilo alilijua tangu siku ya hukumu. Alisoma hadi mstari wa nne: alitenda haki ambayo mwana yeyote angeitenda. Akachukua kalamu ya kuwekea nguo alama, ile isiyotoka hata kwa dawa ya madoa, akaukata mstari wote. Chini akatia sahihi.

"Mama! Wakili kasema tusiguse hata nukta. Hawataipokea!"

"Wakili hakuliona shati."

Juu, miguu ikaanza kugonga. Binti alitazama saa, akatazama mlango, barua mkononi, wino haujakauka. Vumbi likadondoka kwenye beseni. Dobi alilizamisha shati. Rangi iliachia papo hapo, nyepesi, ikinuka peremende, na sisimizi wakaelea juu yake wakitafuta ukingo.