Minerva Aliyesafishwa

Hortensia Longoria hakuitwa aje kusikiliza. Aliitwa aje kubariki. Kaka yake Eleuterio alimweleza hivyo kwenye simu, bila hata haya. Albamu mpya ya marehemu dada yao Minerva ilikuwa tayari: kampuni ya Houston imeitoa sauti yake kwenye kanda za zamani na kuipigia muziki upya, na Jumapili alasiri watu wa mji wao wa Robstown wangeicheza kwa mara ya kwanza. Hortensia, aliyempigia Minerva kodiani tangu usichana wao mpaka alipomzika, alitakiwa apande jukwaani aseme neno moja tu, kwamba huyu ndiye dada yangu.

Alikwenda, roho mkononi, akakaa meza ya mbele kati ya sinia za nyama ya kuchoma na maharage. Ukumbi ulifurika. Wazee walikuwa wamepiga pasi mashati mpaka yanataka kusimama yenyewe. Sauti ya Minerva iliposikika, kila mtu alimshika mwenziwe mkono, wakaanza kuizunguka sakafu kwa polka kama ilivyo desturi.

Sasa, katika polka ile kulikuwa na kosa. Kabla ya zamu ya kodiani, Minerva alimwita Hortensia kwa jina lake la nyumbani, "Haya, Tencha!" Siku ya kurekodi mkanda wa kodiani ulimteleza Tencha begani, akachelewa. Minerva akaangua kicheko, Tencha akaingia, na wimbo ukatoka hivyo hivyo. Robstown nzima ikajifunza kucheza na kosa hilo. Ukifika pale unainua mguu, unangoja kicheko kiishe, ndipo unakanyaga. Watoto hufundishwa jikoni, na bendi ya harusi isiyongoja hairudi tena mjini.

"Haya, Tencha!" sauti ikaita, na ukumbi mzima ukainua mguu.

Kodiani ya mtu mwingine ikaingia papo hapo, safi, ya haraka, bila chembe ya kicheko. Watu wakagongana. Bi Refugia Cavazos, mwenye nyonga ya bandia, nusura amwangukie mumewe.

Eleuterio akaamuru wimbo urudiwe, akatangaza kwamba watauzoea. Wakagongana tena. Mzee mmoja akauliza kama hii ni polka au vita. Hortensia akawaka hasira. Dada yake kamwita kwa jina, na ameitika mtu baki.

Eleuterio akamfuata mezani, jasho linamtoka.

"Dada, panda useme neno. Wakikusikia wewe watatulia."

"Kicheko kiko wapi?"

"Tumeondoa kosa. Kosa lako, Tencha. Nimekufichia aibu, na bado wanikunjia uso?"

"Nani kakwambia nina aibu?"

Akapanda. Wimbo ukazimwa, akashika kipaza sauti.

"Mnanijua. Mimi ndiye niliyechelewa," alisema, na watu wakacheka. "Dada yangu aliningoja. Kaka yangu kamkata palepale aliponingoja, akamtafutia mgeni wa kuitikia jina langu. Sauti ni ya Minerva, siwadanganyi. Lakini Minerva hakuimba hivi hata siku moja, na mimi sibariki."

Eleuterio akafoka kwamba huo ni usaliti, kwamba bila yeye Minerva angesahauliwa. Bi Refugia, akiwa bado amejishika kiuno, alianza kuuimba wimbo mwenyewe, kwa sauti mbovu isiyo na haya, na meza moja baada ya nyingine wakaupokea, wakarudi sakafuni wakicheza bila ala yoyote.

Walipofika pale, ukumbi wote uliita kwa pamoja, "Haya, Tencha!" Miguu ikapanda. Hortensia hakuja na kodiani, na hakuna aliyethubutu kucheka mahali pa Minerva. Walingoja tu, kimya, kama walivyongoja miaka yote.

Hortensia akageuka kumtazama kaka yake. Eleuterio alikuwa kasimama kando ya mashine yake ya muziki, uso umemvimba kwa ghadhabu, na mguu wake wa kulia uko juu.

Hapo hasira ya Hortensia ilizidi mara mbili, maana kumbe siku zote Eleuterio alijua kwamba pale hungojwa kicheko.

"Mguu wako una heshima kuliko wewe, Teyo," alimwambia, na kipaza sauti kikawafikishia wote. "Kirudishe kicheko cha dada yangu."