Mtumishi Yumo Maandalizini

Mlango ule niliuchonga mimi mwenyewe, kwa hiyo asije mtu akaniambia nimeharibu mali ya watu. Mimi ni seremala. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, ni mhubiri. Kanisani wanamwita Mtumishi, na tangu waanze kumwita hivyo hasikii la mtu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu walimsifia mpaka akamwaga na tembo lenyewe.

Tunaishi nyumba moja. Yeye na mkewe wako vyumba vya mbele, mimi na mama vya nyuma, na karakana yangu iko uani. Zamani alikuwa na namna moja tu ya kujiandaa. Kila Jumamosi alasiri alivuta kiti cha plastiki, akakaa karibu na mama, mama akikunja nguo zilizoanuliwa na yeye akimsomea mahubiri ya kesho yake. Mama hajui kusoma, lakini masikio anayo. Akifika mahali fulani mama ananyanyua kidole.

"Hapo unatupiga chenga."

"Kivipi, mama?"

"Unatuambia tusamehe, na wewe humsalimii jirani huu mwezi wa tatu."

Basi Kitinda anafuta, au anavaa viatu anakwenda kwa jirani. Jumapili watu wanalia kanisani, wanadhani ni kipaji chake peke yake.

Kisha akaenda semina. Huko sijui ni nani aliyewafundisha kwamba mhubiri wa kweli hujitenga siku tatu kabla ya ibada, hali chakula, wala hasemi na mtu. Mimi sipingi kufunga, nafunga mwenyewe. Kilichonichefua ni karatasi. Aliweka sheria kwamba mwenye shida naye aandike, apitishe karatasi chini ya mlango, na atajibiwa vivyo hivyo. Humo humo ndani ya nyumba ya mama yake mzazi, jamani.

Wiki hiyo alikuwa amealikwa kuhubiri kanisa kuu, mbele ya maaskofu. Alhamisi alfajiri akajifungia kwenye stoo. Saa nne asubuhi hiyo hiyo mimi nikarudi na mama kutoka hospitali, alikokuwa amelazwa. Daktari, mwanamke mpole sana, alikuwa amenivuta pembeni akaniambia, "Mpeleke nyumbani, dada. Kaeni naye karibu." Nilielewa. Mama naye alielewa, maana tulipomlaza kitandani alisema jambo moja tu.

"Niitie Kitinda."

Wifi yangu, mke wa Kitinda, akaandika karatasi. Baada ya muda akaniletea jibu, amelishika kwa mikono miwili kama dawa ya thamani. Nilisoma: "Nipo mbele za Bwana. Mwambieni mama asihofu, namwombea. Tutaonana Jumapili jioni."

"Ulimwandikia alichosema daktari?" nikamuuliza.

"Nilimwandikia, wifi. Chote."

Mama akaomba aione ile karatasi. Aliishika juu chini, akaitazama kwa muda.

"Anasemaje?"

"Anakuja, mama," nikasema. Nikawa mwongo kwa ajili ya mtu wa Mungu.

Ijumaa mama aliniuliza mara nne. Mara ya nne nikaenda kusimama mlangoni pa stoo, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba mama anaishiwa nguvu na anamtaka yeye. Unajua alijibu nini? Alianza kuimba pambio, na kila nilivyosema alipandisha sauti. Mtoto niliyembeba mgongoni, nikamfuta kamasi kwa kanga yangu, leo ananiimbia.

Jumamosi asubuhi mama akakataa uji. Akafunga midomo na kugeuzia uso ukutani.

"Nitakula akija," akasema.

Hapo maji yakanifika shingoni. Nikaenda karakana, nikachukua nyundo na msumari mnene. Stoo ni finyu, ndiyo maana mlango wake niliufanya ufunguke kwa nje, na bawaba ziko upande wetu. Komeo lake la ndani angebaki nalo. Wifi akaja mbio, akatandaza mikono mlangoni.

"Wifi, tafadhali. Hapo ni mahali patakatifu."

"Hapo ni stoo, wifi. Niliweka mbao humo miaka sita. Sogea nisikuumize."

Akasogea. Nikagonga pini ya bawaba ya chini, ikatoka. Nikagonga ya katikati, kisha ya juu, nikaukamata mlango na kuusimamisha ukutani.

Kitinda alikuwa ameketi kwenye mkeka. Midomo ilikuwa imemkauka, na karatasi zimemzunguka pande zote. Nikaokota moja. Ilikuwa imeandikwa "Wapendwa", na chini yake mistari imekatwakatwa. Ya pili hivyo hivyo. Siku tatu za kujitenga, na hakuwa na mahubiri hata ya kumhubiria paka.

"Umeingilia agano langu," akasema.

"Agano gani? Mama anakata roho."

"Najua, dada." Akainamisha kichwa. "Nikimwona hali ile sitaweza kusimama kesho. Na nafasi kama hii hairudi mara mbili."

Kumbe hakuwa na shughuli yoyote na Bwana. Alikuwa amejificha. Nasema ukweli, ningemwonea huruma kama si ule uso wa mama ulioelekea ukutani.

"Kwa hiyo yeye afe bila wewe, ili wewe usimame," nikamwambia. "Inuka."

Akainuka. Nikamfuata nyuma mpaka chumbani, asije akapotea njia ndani ya nyumba ya vyumba vitano. Na alipofika kando ya kitanda alifanya nini? Alinyoosha mkono juu, akafumba macho, akaanza kuomba kwa ile sauti yake ya kipaza sauti. Mama akafumbua macho.

"Nani huyo?"

"Ni Kitinda, mama," nikasema.

"Hapana. Huyo ni mhubiri. Mwambie aende zake. Mimi nilimwita mwanangu."

Mkono wa Kitinda ukashuka, akapiga magoti na kulaza shavu kwenye kiganja cha mama.

"Mama, ni mimi. Nimechelewa."

Mama akampapasa kichwani, kisha mashavuni.

"Umekonda," akasema. "Umekula?"

Kitinda akalia kama alivyokuwa akilia zamani, kwa kwikwi. Nikapasha uji. Mama alikubali kijiko kimoja kwa sharti kwamba kinachofuata anywe Kitinda, na ndivyo walivyokwenda, kimoja kwa kimoja, mpaka bakuli likaisha. Usiku ule hakutoka chumbani. Mimi bado sikumsemesha, nilikuwa na hasira yangu.

Jumapili asubuhi mzee wa kanisa akafika na suti yake, akaletwa mpaka chumbani. Kitinda alikuwa amekaa kitandani, amempakata mama, kijiko mkononi.

"Mtumishi, gari lipo nje. Umejiandaa?"

"Sitakuja, mzee. Mtafuteni mwingine."

Mzee akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemloga.

"Maaskofu wameshakaa," akasema. "Kanisa limejaa hadi uwanjani, watu wanakusubiri wewe. Mama yupo na dada yako hapa, hatapungukiwa kitu."

Nikafungua mdomo nimpe lake, lakini mama aliniwahi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi mzee ainame.

"Wanasubiri tangu lini?"

"Tangu saa moja, mama."

"Mimi tangu Alhamisi," mama akasema, akafungua kinywa, na Kitinda akamnywesha kijiko kingine.