Disk ya Harusi

Kabla Kache hajaja, mtu yeyote wa Garsen aliyeoza binti alimtafuta Dukicha. Studio ilikuwa ya Bi Mwanaarusi, mjane wa Kipini mwenye ulimi mtamu, lakini kamera ilikuwa mkononi mwa Dukicha. Harusi za Waorma, Wapokomo na Wagiriama, miaka tisa ya harusi, zote alizipiga yeye, na zote zilikaa katika disk moja ndani ya kompyuta iliyokuwa chini ya meza yake. Disk ya pili ilikuwa ya kupitishia kazi mpya. Kazi ikiisha, huifuta. Watu walikuwa wakitoka mpaka Minjila kuja kuomba nakala, na Dukicha alipenda kuwaacha wangoje kidogo ili wajue nani mwenye ghala.

Halafu akaja Kache, msichana wa Tarasaa, na cheti chake cha kompyuta na kicheko chake. Aliitazama kompyuta ikijikongoja kufungua video, akasema tatizo ni draiva, ile programu inayoiunganisha kompyuta na disk zake, imezeeka. Akaweka nyingine kabla chai haijapoa, na video zikaanza kufunguka mara moja.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bi Mwanaarusi akasema, akicheka.

Dukicha alicheka kwa meno tu. Hakukumbuka kumwambia mtu kwamba anaumwa.

Tangu hapo wivu ukampigia kambi kifuani. Aliona chai ya Kache ikimiminwa kwanza. Aliwasikia wateja, wateja wake mwenyewe, wakiuliza kama yule msichana yupo. Safari ya Malindi ya kununua vifaa, ambayo siku zote ilikuwa yake, akapewa Kache. Dukicha alimchukia, na akajichukia kwa kumchukia mtu aliyemwamkia vizuri kila asubuhi.

Asubuhi ya safari Kache alimsogelea. "Kaka Dukicha, kabla sijaenda, nikuonyeshe kitu kwenye zile disk. Hii draiva mpya inazihesabu..."

"Hii mashine mimi najua tangu iko kwa boksi," Dukicha akamkata. "Wewe enda, gari itakuacha."

"Basi usifute kitu mpaka nirudi."

"Sawa." Sawa hiyo ilikuwa ya mdomoni.

Alipobaki peke yake alikasirika upya. Huyu wa juzi ndiye wa kumpangia kazi? Disk ya kazi ilikuwa imejaa, na harusi ya bintiye Abdinur ilikuwa bado kwenye kamera. Angeifuta, aiingize harusi hiyo, ili Bi Mwanaarusi aone kwamba studio inaendeshwa na Dukicha.

Kompyuta ile huziita disk zake kwa herufi. Miaka yote ya harusi ilikuwa sda, na ya kazi ilikuwa sdb. Alichotaka kusema Kache ni kwamba herufi hizo hugawiwa kwa zamu, na draiva mpya ilikuwa imeanza kuhesabu kutoka upande wa pili. Baba yake Dukicha alimjua kila ng'ombe wake kwa alama ya sikioni, hata mifugo ya watu ichanganyikane mtoni. Hakumjua kwa nafasi aliyosimama. Mwanawe alikulia kwenye vumbi la ng'ombe hao, na bado akaandika: futa sdb.

Kompyuta ikauliza lile swali lake la kila siku. Dukicha akabonyeza ndiyo bila kulisoma, kama alivyozoea, akajisikia mtu tena.

Alipoifungua disk iliyobaki alikuta kazi za wiki iliyopita. Akatafuta harusi. Akatafuta tena; haikuwemo hata moja.

Alasiri Kache alirudi na boksi lenye disk mpya. "Nimeipata, kaka. Tunakili harusi zote leo, zikae mahali pawili." Kisha akaona uso wake. "Umefuta ipi?"

"Sdb. Ile ya kazi."

Kache aliketi sakafuni, boksi mapajani. "Herufi zimebadilishana. Ndiyo maana nilizipa majina, nikataka nikuonyeshe."

Lile swali lilikuwa bado kwenye kioo, na sasa Dukicha akalisoma. Disk hii ina jina, lilisema. Inaitwa DUKICHA. Uendelee kuifuta? Na chini yake, jibu lake mwenyewe.

"Nani aliipa jina langu?"

"Mimi." Kache hakuinua macho. "Nilizipitia harusi zote mle ndani, sikuona hata moja ambayo hukuipiga wewe."

Alitamani Kache amtukane. Angetukanwa angepata pa kuushika wivu wake, lakini Kache alikuwa akifuta machozi kwa upindo wa leso, akisema atajaribu kuzitafuta, ila Dukicha asimwahidi mtu kitu.

Nje, Bi Mwanaarusi alikuwa akimpokea mteja. "Ingia, mwanangu, nakala utapata," alisema kwa sauti yake tamu. "Dukicha hajapata kupoteza harusi ya mtu."