Kitabu Alichokisoma Mukhisa Peke Yake

Mathenge alikifunga kitabu kwa kishindo, akakitupa juu ya katoni ya minyororo ya baiskeli, akatangaza kwamba mwandishi yule hajawahi kushika jembe. Alikuwa bwana shamba kabla ya kustaafu, na riwaya yoyote aliipima kwa mahindi yake. Hii, alisema, imepanda mahindi Kitale mwezi wa Septemba, na kurasa mbili mbele watu wanayachoma na kuyala. Yeye hana haja ya kuendelea.

Mzee Mukhisa alishusha pumzi. Kila Jumamosi ilikuwa hivi, huku nyuma ya duka la baiskeli la Gurdip, chini ya rimu zilizoning'inia darini. Walikutana wanne kupiga soga juu ya walichosoma, na kila Jumamosi Mukhisa alirudi nyumbani Kamukuywa kichwa kikimgonga. Ukiwaletea riwaya ya mapenzi, Mathenge anauliza habari ya mbolea. Gurdip husoma maisha ya matajiri, na maoni yake hayabadiliki: mwandishi ameificha ile sura inayoeleza mtaji wa kwanza aliutoa wapi. Aliyewazidi wote ni Mwalimu Phelista. Yeye huanza na ukurasa wa mwisho. Kama mwisho haupendezi, husema, ya nini kuisumbua miwani?

Mukhisa mwenyewe hakukaa darasani muda wa kutajika. Alijifundisha kusoma chini ya matrekta ya watu aliyokuwa akiyatengeneza, kwa vitabu vya maelekezo vilivyolowa grisi na magazeti yaliyofungiwa sukari. Habari nyingi zilikatika katikati, naye akazoea kuzimalizia mwenyewe. Pengine ndiko chumvi yake ilikoanzia. Kwa ulimi wake, trekta moja la Tongaren liliwahi kulima usiku kucha bila dereva, likavuka mpaka hadi Uganda, na kulipokucha likarudishwa pamoja na shukrani za wenye mashamba.

Basi siku moja, alipochoshwa kabisa na maoni yao, aliwaletea kitabu ambacho hakuna ambaye angeweza kukichokonoa. Alikibuni papo hapo, kikombe cha chai mkononi. Kinaitwa *Sahani Iliyofunikwa*, alisema. Mke wa mtu anatoka asubuhi kwenda kununua chumvi, harudi. Mume anamsubiri. Kila jioni anapakua sahani mbili, moja anaifunika. Mvua zinakuja na kuondoka, naye habanduki langoni. Mwisho hatawaambia, maana Mwalimu atakosa cha kusoma. Kwa mara ya kwanza katika kikao kile hakuna aliyekatiza maneno. Hata mahindi hayakuulizwa.

Ushindi ule haukudumu. Gurdip alikitaka kitabu. Alimpigia simu mpwa wake Bindu aliyeko Nairobi, akamzungusha maduka ya vitabu mjini kote. Mukhisa akasema ni chapa ya zamani. Baadaye panya wakaila nakala yake ghalani. Baadaye tena mwandishi akawa mtu wa haya, aliyechapisha nakala chache na kuwagawia jamaa zake. Kila uongo ulizaa mwenziwe, na Gurdip, mtu mwema, aliupokea kila mmoja kwa chai na mandazi. Mukhisa akaanza kukichukia kitabu chake.

Jumamosi hii, Mathenge alipokwisha kumzika mwandishi wa Septemba, Mwalimu Phelista alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya leso.

"Mimi nimekipata hicho cha Mukhisa," alisema. "Nimekisoma."

Chai ilimpalia Mukhisa. Gurdip aliyekuwa akimhesabia mteja spoku za gurudumu aliziacha kwenye kaunta, akaja mbio kuuliza kimepatikana wapi, ilhali Bindu ameulizia hadi kwa wauza vitabu vya mitumba. Bungoma, Phelista alijibu. Kuna mama anacho, anakaa kwa binti yake fundi cherehani, nyuma ya soko. Na kusema kweli hakikumpendeza.

Hasira ilimpanda Mukhisa. Alikuwa amevumilia mbolea, amevumilia mitaji. Lakini mtu kukiponda kitabu ambacho hakipo, tena kwa kujidai amekisoma! Na angemkanusha vipi? Akisema Phelista hajakisoma, ataulizwa amejuaje.

"Kina ubaya gani?" aliuliza, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mwisho wake, shemeji."

Katika kikao kile Phelista hakuwahi kumwita shemeji. Neno hilo lilitoka mbali, miaka ile alipoimba kwaya ya Kamukuywa bega kwa bega na Rispah, mke wa Mukhisa. Hapo ndipo Mukhisa alipomtambua yule mama wa nyuma ya soko.

Rispah aliondoka baada ya mazishi ya kaka yake. Mukhisa alikuwa amepewa nafasi ya kusema maneno mawili matatu, akasimulia jinsi marehemu alivyomuuzia mtu mmoja fahali yuleyule mara mbili kwa siku moja. Kisa hicho alikitunga akiwa amesimama. Waombolezaji walicheka hadi mchungaji akapoteza ukurasa. Rispah hakucheka. Wiki hiyohiyo alifunga nguo zake akaenda kwa binti yao Nasike, na mahindi yamevunwa mara mbili tangu hapo. Majirani wakiuliza, Mukhisa huwaambia anasubiri. Huwaambia pia kwamba kila jioni humpakulia mkewe sahani yake, jambo ambalo halijapata kuwa kweli hata siku moja.

"Huyo mume," Phelista aliendelea, akimtazama Gurdip kana kwamba anazungumza naye, "kitabu kizima anasifiwa kwa kusubiri. Kumbe mke hakupotea. Yuko mji wa pili tu, na mume anajua hadi rangi ya mlango. Wazee wetu walikuwa wanaenda kwa miguu kumchukua mke aliyekasirika. Huyu amekaa langoni, ati anahuzunika."

"Si aende tu, bana," Mathenge alisema. "Hiyo riwaya ni mbaya."

"Labda anaogopa kufukuzwa," Gurdip alisema polepole.

Mukhisa alitaka kuwafokea wote watatu. Alitaka kuwaambia mwandishi hakuandika hivyo, kwamba mume yule ni mtu wa kuhurumiwa, kwamba watu wasiojua kusoma wasiguse vitabu. Maneno yaliyomtoka hayakuwa hayo.

"Na akienda? Kitabu kinasemaje?"

Phelista alivaa miwani. "Unanijua, mimi huanza na ukurasa wa mwisho. Huo haukuwepo. Mwenye kitabu aliniambia neno moja tu. Anasema hachukii hadithi, hata alizipenda. Amechoka kutojua ni saa ngapi anaambiwa kweli."

Gurdip aliuliza kama mama huyo anaweza kukiazimisha.

Kesho yake baada ya ibada, Mukhisa alisimama mbele ya mlango wa kijani nyuma ya soko la Bungoma. Rispah alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, ungo wa mboga ya kunde mapajani, akichambua. Hakuinuka. Alimtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Wazee wa kukusindikiza wako wapi?"

"Nimekuja kwanza peke yangu."

Rispah alichambua majani machache. "Njia ilikuwaje?"

Lilikuwa swali ambalo, maisha yao yote, lilimfungulia zizi la hadithi. Palepale kikamjia kisa: pikipiki iliyobeba jeneza kutoka Kamukuywa, na maiti aliyegonga mfuniko akiomba mwendo upunguzwe. Kilikuwa kizuri. Alikisikia kikimtekenya ulimi, kizima, pamoja na maneno ya dereva.

"Vumbi," alisema. "Vumbi tu, na jua."

Vidole vya Rispah vilisimama. Alimkagua usoni, akitafuta hadithi imejificha wapi.

"Basi?"

"Basi."

Ndani ya nyumba cherehani ya Nasike ilikuwa ikienda, ikanyamaza, ikaendelea. Rispah aliusogeza ungo kidogo, upande mmoja ukabaki wazi. Mukhisa alivuta jiwe, akaketi, akaanza kuchambua. Aliichambua vibaya, akichanganya majani na vikonyo, naye Rispah akawa anavitoa kimoja kimoja.