Rwamba Wawili

Mimi si mtu wa kuamini mapepo. Nilizaliwa Kibugu, kwa watu wa majani chai na kanisa, na kwa miaka mitatu nilikuwa nikitunza kompyuta za hospitali ya misheni huko Embu. Lakini Alhamisi ile ya Septemba 1998 mwili ulinisisimka saa nne asubuhi, jua likiwaka nje.

Simu ilitoka wodi ya wanawake. Alikuwa Phyllis, muuguzi aliyehamia kwetu mwezi uliopita, na hakunisalimu.

"Caroline, hii kompyuta yako inatuchezea. Wagonjwa tuliandika jana hawako. Wa mwezi wa nne wako, wa jana hakuna."

"Zima skrini, uwashe tena, sista."

"Nimezima mara mbili. Na mama yako ameletwa sai na shida ya kifua. Daktari ako na yeye."

Nilikata simu bila kuaga na, kwa kukimbilia mashine, bila hata kumwonya. Mama yangu, Cicily, hapatani na penisilini. Mwezi wa Juni sindano moja tu ilimvimbisha koo, nusura tumzike. Siku hiyohiyo niliandika onyo kwenye faili lake kwa mikono yangu, kwa herufi kubwa. Kadi za karatasi hazikuwepo tena. Zilichomwa mwezi wa Mei, na aliyesisitiza zichomwe ni mimi. Mafaili yote ya wagonjwa yalikaa ndani ya seva moja tuliyoiita Rwamba.

Niliketi mbele ya Rwamba nikaandika ifconfig, amri ya kuiuliza mashine anwani yake kwenye mtandao. Anwani ilikuwa sawa. Nikafungua faili la mama, onyo lilikuwepo. Nikapumua kidogo. Kisha nikahamia kompyuta ya mezani kwangu nikaandika ping, amri ambayo ni sawa na kupiga hodi: unaita anwani, mwenye anwani anaitika. Rwamba aliitika papo hapo. Sasa kama yuko na ni mzima, wodini wanalia nini? Kwa hasira nilichomoa kebo yake ya mtandao, nikaishika mkononi, nikapiga hodi tena.

Akaitika.

Nilitazama kebo, nikatazama skrini. Majibu yaliendelea kushuka, mstari baada ya mstari, kutoka kwa mashine ambayo haikuunganishwa na chochote. Niliogopa, sifichi.

Nilipiga simu wodini. Iliita, iliita, hakuna aliyepokea. Ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi stima ilikuwa imepotea, nikakumbuka na stoo.

Rwamba wa kwanza alikuwa mashine kuukuu iliyokuwa ikijikokota. Mwezi wa Mei tuliponunua mpya nilimzima, nikamweka stoo. Yule mpya nikampa jina lake na anwani yake, ili wodi zisisumbuke kubadilisha chochote. Nilijiona mjanja hata nikawachekesha wenzangu: kwetu Embu mtoto si hurithi jina la nyanyake? Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba mara nyingi nyanya mwenyewe huwa bado yu hai.

Nilitoka mbio. Kwenye korido nilikutana na Kivuti, fundi wa umeme.

"Kivuti, stima ilipopotea asubuhi uligusa nini?"

"Niliambiwa Rwamba imezima, madam. Nikaangalia huko stoo, nikaona imeandikwa Rwamba, haina hata taa moja. Nikaiwasha, nikachomeka na waya yake ya mtandao. Ilishika poa sana." Alitabasamu akingoja shukrani.

"Kaichomoe! Sasa hivi!"

Kumbe tangu asubuhi wodi nzima ilikuwa ikimuuliza nyanya, na nyanya hakujua lolote lililotokea baada ya Mei. Kwake mama yangu hakuwahi kudhurika na dawa yoyote.

Nilipofika wodini nilimkuta mama ameketi kitandani, mkono wa kushoto ameukunja, ameubana juu ya pamba. Phyllis alikuwa akiliweka bomba la sindano kwenye sinia. Lilikuwa tupu.

"Ni penisilini?" niliuliza.

"Eeh. Daktari aliangalia kwa kompyuta, hakuna onyo."

"Mama! Si unajua ile dawa? Kwa nini hukuwaambia?"

Alinijibu kwa Kiembu, taratibu, sauti imeanza kukwaruza.

"Niliwaambia, mwanangu. Niliwaambia ilinivimbisha. Wakaangalia kwenye kompyuta, wakasema haijaandikwa." Alijikuna shingoni, akajikuna tena. "Nikakumbuka hiyo kompyuta ni yako. Sikutaka kukuaibisha mbele ya watu, nikawapa mkono."

Phyllis alishaanza kupiga kelele akimwita daktari. Niliushika mkono wa mama, nao ulikuwa umeanza kuvimba.